Barafu Kwenye Ngazi Zangu Nne

Mwaka 2010, mwezi wa kwanza, nikiwa na miaka sitini na moja, nilianguka mlangoni kwangu Jakobsberg, karibu na Stockholm, nikavunjika nyonga. Sikuanguka kazini wala kwenye njia ya mtu. Nilianguka kwenye ngazi zangu, ngazi nne, za nyumba niliyoinunua kwa mikono yangu. Kwa hiyo mwenye kutaka kunionea huruma aiweke kando kwanza. Naandika haya nikiwa na hasira bado. Upole haujawahi kumzuia mtu kuteleza.

Nawaandikia watu wetu, hasa wazee, hasa wale wabishi. Najua mnavyotembea wakati wa baridi, mkono mfukoni, mwingine una mfuko wa vitunguu, miguuni viatu vya kanisani. Mimi nilikuwa mmoja wenu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute maneno ya daktari humu. Binti yangu Spesi amenipangia herufi, lakini nimemkataza asilainishe kitu.

Jina langu Venansia. Nilizaliwa Burundi, nikakulia Kigoma, nikaja nchi hii na mtoto mmoja na sanduku moja. Miaka kumi na tisa nilisafisha mabehewa ya treni. Chewing'amu, matapishi, magazeti, yote yalipita kwenye mikono hii. Behewa nililolisafisha mimi ungeweza kulia chakula sakafuni. Kwa kazi hiyo nilipata nyumba yangu, mojawapo ya zile wanazoita radhus, nyumba za safu zilizoshikana kuta. Nyumba ina chumba cha chini, bustani ndogo ambamo hata ng'ombe mmoja hageuki, na mbele ngazi nne za saruji. Wenzangu wengi wako ghorofani Rinkeby na Norsborg, wanapanda lifti. Mimi nina ngazi zangu. Nilikuwa nazifagia asubuhi na jioni, majira yote.

Sasa nisikilizeni ilivyokuwa.

Mzee Fideli alifariki baada ya Krismasi. Huyu ndiye mtu wa kwanza kunisemesha Kiswahili katika mji huu. Ndiye aliyenifundisha kusoma ubao wa treni nikiwa siwezi kusoma Kiswidi. "Dada Venansia," alisema, "usipigane na jina lote. Shika herufi ya kwanza na rangi ya mstari, utafika." Nilifika. Kwa hiyo alipokufa sikutaka azikwe kama mtu asiye na watu.

Hapa maiti husubiri wiki nyingi. Tulimzika Januari, siku ya baridi ya digrii kumi na sita chini ya sifuri. Familia yake iliishi Norsborg kwenye vyumba viwili, na majirani hapo wakisikia wimbo mmoja tu wanagonga ukuta. Nikasema watu wote waje kwangu. Walikuja kama sitini.

Kwetu mtu akitoka makaburini hanyooki ndani. Ananawa mikono nje kwanza, kabla hajavuka mlango. Yanayotoka kaburini yabaki nje. Hata mlevi analijua hilo.

Spesi alisimama jikoni na jagi tupu.

"Mama, wanawe bafuni."

"Bafuni ni ndani."

"Maji yataganda."

"Ni ya moto."

"Ya moto nayo yanaganda, mama."

"Spesi, nimezika watu kabla wewe hujazaliwa. Jaza jagi."

Alinijibu kwa Kiswidi, ndivyo anavyofanya akikasirika, kisha akajaza jagi. Nilisimama kidato cha juu. Kila mtu alipanda, akanyoosha mikono, nikammwagia. Mvuke ulipanda kama tunapika pombe. Maji yalishuka kidato kwa kidato hadi njiani. Mama Josiane, Mkongo wa Rinkeby, rafiki yangu wa kanisani mwenye mdomo usiofungwa, alitikisa vidole vyake mbele yangu.

"Venansia, ma chère, ukinipimia kama dawa ya kikohozi, Fideli atanifuata mpaka kwenye treni. Ongeza!"

Nikaongeza. Watu wakacheka, na siku ya msiba kucheka kidogo ni dawa.

Watu walipoanza kuondoka, nilimwona Spesi kupitia dirishani. Alikuwa ametoka na ndoo, ameijaza kwenye lile sanduku la mchanga ambalo manispaa huweka kona ya mtaa, anamwaga kwenye ngazi zangu. Mchanga wenye vikokoto! Na watu bado wanaingia na kutoka, na zulia langu jeupe liko sebuleni. Nikamwacha aende kuwasindikiza wageni kituoni. Kisha nikachukua ufagio, nikafagia vidato vyote vinne, mpaka kwenye pembe. Viling'aa. Nikalala nimeridhika.

Theluji ilianguka usiku, nyembamba, kina cha kidole. Asubuhi, Spesi bado amelala ndani kwangu, nilitoka kutupa takataka za msiba. Mifuko miwili, mmoja kila mkono. Miguuni makubadhi ya ndani. Kidato cha kwanza kilinipokea. Cha pili hakikunipokea.

Sauti niliisikia kabla ya maumivu. Kuni kavu ikivunjwa gotini. Nilikuwa chini, mguu umegeukia upande ambao mguu hauendi, na mifupa ya kuku imetapakaa kifuani kwangu. Sikuweza hata kupiga kelele, pumzi ilikataa. Nikaangalia juu. Hapo ndipo nilipoliona bomba la mfereji wa paa la jirani yangu Gunnar, linaning'inia, lina ufa, na kwenye ufa umeganda mkuki wa barafu mnene kama mkono wa mwanamume. Nikasema moyoni: huyo hapo. Huyo ndiye aliyenivunja.

Gunnar mwenyewe ndiye aliyenikuta. Mzee wa Kiswidi, mjane, mrefu, wa maneno machache. Alivua koti lake akanifunika, akaweka kofia yake ya sufu chini ya kichwa changu, akabaki na shati katika baridi ile mpaka ambulansi ikafika. Unajua nilimwambia nini?

"Bomba lako."

"Usijitikise," alisema.

"Bomba lako limeniua."

"Usijitikise, Venansia."

Hospitali, siku hiyo, ungedhani Stockholm nzima imeanguka. Korido ilijaa vifundo vya mikono na vifundo vya miguu. Nililala kwenye kitanda cha magurudumu ukutani tangu asubuhi mpaka giza lilipoingia, na kila aliyepita alinigonga kidogo. Kando yangu alikuwa bibi mmoja wa Kifini, mkono umevimba kama mkate. Hakuwa na Kiswidi kingi, mimi pia maumivu yalikuwa yamekila changu. Alifungua mkoba wake akanitia pipi mdomoni, kama mtu anavyomlisha mtoto. Sikumwona tena. Pipi ile ilikuwa na chumvi, chungu, mbaya sana. Niliimumunya yote.

Wakanitia misumari kwenye nyonga. Nilipoamka sikuwa mtu, nilikuwa mzigo. Mimi niliyesafisha uchafu wa watu miaka kumi na tisa, sasa watu walisafisha wangu. Niliona haya mpaka nikakataa kula, ili nisihitaji chombo cha haja. Nesi mmoja mnene mwenye miwani aligundua. Hakunihubiria. Alichukua kile chombo cha chuma, akakipasha kwa maji ya moto bombani, akakikausha, ndipo akakiweka chini yangu. "Hivi ni bora," alisema. Jina lake silijui. Namtaja kanisani kila Jumapili kwa miwani yake.

Nilipotolewa, sikuruhusiwa kurudi kwangu. Ngazi nne, walisema, kama vile wanasema mlima. Nikapelekwa kwa Spesi Norsborg, ghorofa ya sita, lifti inayonuka sigara. Nikalala sebuleni kwenye sofa la kukunjua. Asubuhi Spesi alikwenda kazini kwenye shule ya watoto wadogo, jioni alirudi amechoka kulea, akakuta mtoto mwingine wa kilo themanini.

Na mimi nilikuwa na kazi moja tu: kumchukia Gunnar.

Nilimwamuru Spesi aniandikie barua kwa kamati ya nyumba zetu za safu. Nilisema kwa Kiswahili, yeye akaandika kwa Kiswidi. "Waambie bomba lake linamwaga maji kwenye njia yangu. Waambie nimevunjwa. Waambie asimame mbele ya kikao akiri." Spesi aliandika, akabandika stempu mbele yangu, akaondoka nayo. Hakuna jibu. Tukaandika ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuna jibu. Ah, nikasema, ndio hao, wanalindana! Kila nilipofanya mazoezi, kunyanyua mguu mara kumi, kunyanyua mara kumi tena, nilihesabu kwa jina lake. Gunnar moja. Gunnar mbili. Mwalimu wa mazoezi alidhani ni sala.

Aprili mashine zikapita kufagia vikokoto vya barabarani. Nilizisikia kutoka ghorofa ya sita, na kwa kawaida sauti ile ndiyo sikukuu yangu, ndiyo habari kwamba baridi imeshindwa. Mwaka huo nilijiangalia kwenye kioo cha lifti. Paja la kushoto limekuwa jembamba kama mkono. Mguu umefupika, naegemea kama mlango ulioacha bawaba. Nywele zilikuwa zinatoka kwa vishungi. Nilikuwa na miaka sitini na moja na niliona mama yangu ndani ya kioo, na mama yangu alikufa na themanini.

Maumivu badala ya kupungua yaliongezeka. Juni yote niliketi kwenye vyumba vya kusubiri nimeshika kikaratasi cha namba. Watu wengine wakiitwa, mimi naangalia samaki kwenye tangi. Mwishowe daktari alinionyesha picha: msumari mmoja umesogea. Hakuna aliyekosea, alisema, inatokea. Nilimuuliza kama inatokea kwake pia. Agosti wakanipasua mara ya pili, wakatoa yote, wakaweka nyonga nyingine ya chuma. Tukaanza upya. Gunnar moja. Gunnar mbili.

Mama Josiane alikuja kuniona na sahani ya mihogo.

"Sasa wewe ni gari la mtumba, Venansia. Wamekubadilishia vipuri."

"Ondoka hapa."

"Siondoki. Mguu ukiwa tayari nataka kuona kama unacheza."

Huyo ndiye aliyenichekesha mwaka ule mzima. Kwa Spesi hakukuwa na kicheko. Nilikuwa nalalamikia chai yake, nalalamikia wanavyofagia ngazi za jengo. Siku moja ya Oktoba aliketi mbele yangu, amekunja mikono.

"Mama, uza nyumba."

"Nani amekufundisha hilo neno?"

"Kuna vyumba vizuri hapa Norsborg. Chini kabisa. Hakuna ngazi."

"Nimeinunua ile nyumba kwa vinyaa vya watu. Nitatoka mle nikiwa kwenye sanduku."

"Ulishatoka mle kwenye machela," alisema Spesi. "Mara ya pili itakuwa hilo sanduku."

Nilimtupia kikombe. Hakikumpata, mkono wangu pia ulikuwa mgonjwa. Lakini nilikitupa, na ninakiandika hapa kwa sababu wengi wenu mnaougua mnatupa vikombe na hamsemi.

Akaja mama wa manispaa, yule anayeamua nani apewe msaada gani. Mpole, ana kalamu ya kamba shingoni. Akaniambia mpango: mwisho wa Novemba tutakwenda pamoja Jakobsberg. Nikiweza kupanda na kushuka ngazi zangu nne peke yangu, nitarudi kuishi kwangu na mtu atakuja asubuhi kunisaidia. Nisipoweza, yeye ataandika kwamba nyumba ile hainifai, nami nitafute pengine. Ngazi nne. Mimi ninayejua kila ufa wake.

Theluji mwaka ule iliwahi. Katikati ya Novemba tu, mji ukawa mweupe. Nilikuwa peke yangu kwa Spesi, natafuta mkasi wa kukata kucha za mguu nisioufikia. Nikafungua droo ya chini. Mkasi ulikuwepo. Chini ya mkasi kulikuwa na barua nne, zimefungwa vizuri, stempu juu.

Spesi aliporudi nilikuwa nimeziweka mezani, moja, mbili, tatu, nne.

"Hizi ni nini?"

Aliziangalia. Hakuvua koti.

"Ni barua zako, mama."

"Najua ni zangu. Mbona ziko kwako?"

"Sikuzituma."

"Miezi kumi nangoja jibu!"

"Sikuzituma kwa sababu si kweli." Sauti yake ilikuwa ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko kawaida. "Bomba la Gunnar liko ng'ambo ya njia. Linavuja, ndiyo. Linavujia kwenye majani yake. Ngazi yako ya pili haijawahi kupata tone la maji yake. Yale yalikuwa maji ya Mzee Fideli, mama. Maji yetu. Jagi baada ya jagi, watu sitini."

Nikasema bomba nililiona kwa macho yangu.

"Na mchanga niliuweka," alisema. "Niliporudi kutoka kituoni theluji ilikuwa imeshaanza kufunika ngazi. Nilidhani mchanga uko chini. Asubuhi ile, baada ya ambulansi kuondoka, niliparua theluji nikaona barafu tupu. Hakuna punje moja. Uliufagia."

Nilikumbuka ufagio mkononi. Nilikumbuka nilivyofika mpaka kwenye pembe.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa huwezi hata kujigeuza kitandani. Ningekuambia umejivunja mwenyewe?"

Mtu mwema angemkumbatia mtoto wake hapo. Mimi nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimwambia amenifanya mjinga. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejifanya mwenyewe, na yeye ameubeba ujinga wangu miezi kumi kwenye droo ili usinidondokee. Siku mbili hatukusemezana. Siku ya tatu nikamwambia, "Nipeleke Jakobsberg." Hakuuliza kwa nini. Alileta viatu.

Tulifika kwa teksi ya wagonjwa. Nilitegemea kukuta theluji imeziba mlango, nyumba imekaa miezi kumi bila mtu. Njia ilikuwa imesafishwa mpaka kwenye saruji. Ngazi zote nne zilikuwa na mchanga, umetandazwa sawasawa kama unga kwenye ubao wa chapati. Gunnar alikuwa amesimama kando na beleshi lake.

Nilishuka na magongo yangu. Spesi alitaka kunishika, nikamwambia aniache.

"Gunnar," nilisema. "Haikuwa bomba lako."

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa dirishani siku ile. Niliona watu wengi wakimwagiwa maji mikononi. Nilidhani ni ubatizo." Alikwangua saruji kidogo kwa beleshi. "Halafu nilikuona unafagia mchanga. Nilivaa viatu nije kukuambia. Nikafikiri, si kazi yangu. Hilo nalijutia."

"Na mimi nikakuita muuaji. Mbona hukusema?"

Waswidi wakifikiri unaweza kukaanga yai kabla hawajajibu.

"Mke wangu alipovunjika nyonga, hakumkasirikia mtu yeyote," alisema. "Alilala tu. Hakuinuka tena. Wewe ulikuwa na hasira sana. Nikaona bora unikasirikie."

Niliomba radhi. Nilimwambia pia kwamba bomba lake linavuja kweli. Akasema analijua.

Wiki iliyofuata mama wa manispaa alikuja na kalamu yake. Spesi alisimama chini, Gunnar dirishani kwake, anajifanya anamwagilia maua. Gongo kwanza au mguu kwanza? Kupanda, mguu mzima kwanza. Kushuka, mguu mbovu kwanza. Hilo nilifundishwa, nanyi lishikeni. Kidato cha kwanza. Nilihisi mchanga ukisaga chini ya soli, ile sauti niliyoichukia miaka kumi na tisa kwenye mabehewa, na nikaisikiliza kama kinanda. Cha pili. Hapo nilisimama. Jasho lilinishuka mgongoni kwenye baridi ile. "Usiharakishe," alisema Spesi. Sikuharakisha. Cha tatu. Cha nne. Nikashika kitasa cha mlango wangu. Nikageuka, nikashuka, nikapanda tena bila kuambiwa, ili yule mama asiandike kwamba ilikuwa bahati. Aliandika nilichotaka.

Sasa nawaambia, na nasema kwa hasira ili mkumbuke. Usimwage maji ya moto kwenye barafu. Unaipikia barafu nyingine. Chumvi husaidia baridi ikiwa ndogo, ikizidi sana chumvi inakuangalia tu. Tumia mchanga au vikokoto. Mchanga hauuzwi, uko kona ya mtaa, chukua ndoo. Weka ndoo moja ndani ya mlango, maana ile ya nje inaganda. Theluji mpya iondoe kabla haijakanyagwa. Vaa broddar, vile vyuma vyenye meno vinavyofungwa chini ya viatu. Na ukiingia dukani vivue, maana kwenye vigae vinateleza kuliko maganda ya ndizi. Tembea kama bata, miguu bapa, hatua fupi, na mikono nje ya mifuko. Anayecheka mwache acheke. Usipite chini ya paa lenye mikuki ya barafu. Na wewe mwenye kupenda usafi, mchanga kwenye ngazi wakati wa baridi si uchafu. Zulia linafuliwa. Nyonga haifuliwi.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata tulizika tena, mama mmoja wa Rwanda aliyekuwa akiimba nasi. Watu wakasema, twende wapi? Nikasema kwangu. Nilimwona Spesi ananiangalia.

"Maji ya makaburini hayaingii ndani," nilimwambia.

"Najua, mama."

"Na hayamwagwi kwenye ngazi."

Tukaweka beseni kubwa la plastiki kwenye bustani, mbali na njia, chini ya mti wa tufaha. Tukamwaga mchanga kulizunguka. Kila mtu alinawia juu ya beseni, mimi nimekaa kwenye kiti nashika jagi. Mama Josiane alinyoosha mikono. "Leo pia unapima kama dawa?" Nikamjaza mpaka kwenye viwiko. Gunnar alikuja, amevaa tai. Hakuuliza, alikunja mikono ya shati, akanawa.

Kesho yake maji yalikuwa yameganda yote. Tuliligeuza beseni, likatoka bonge moja la barafu, la mviringo, lina ufa katikati. Tuliliacha pale chini ya mti. Lilikaa Februari, likakaa Machi. Kila asubuhi nikinywa chai nililiangalia dirishani. Mashine za kufagia zilipopita Aprili lilikuwa limebaki dogo kama mkate, na wiki iliyofuata majani pale yalikuwa mabichi kuliko kwingine.

Leo ni mwaka 2013. Ninamiliki nyumba ya ngazi nne Jakobsberg. Vishikio viwili vya chuma, kulia na kushoto. Nyonga moja ya chuma na moja ya Mungu. Fimbo moja. Broddar jozi tatu, moja ya wageni. Beleshi moja. Ndoo mbili za mchanga. Zulia moja ambalo si jeupe tena. Barua nne zenye stempu. Ufagio mmoja, ambao kuanzia Novemba unakaa chumba cha chini. Na beseni moja jeusi la plastiki, la kuwanawisha watu siku watakaporudi kutoka kunizika. Spesi anajua lilipo, na anajua pa kuliweka.